Shilingi 600 za Kidato cha Nne

Somo: Mwanzo 42:18-24, 44:1-34, 50:15-21

Wengi wenu mliomba somo la Jumapili iliyopita liandikwe. Wengine mlitoka ibada ya kwanza bila kunisalimia. Nawaelewa wote. Nimeandika hapa yale niliyosema pale mbele, pamoja na machache ambayo muda haukuniruhusu.

Kidato cha nne nilimaliza Novemba 2006. Mwaka wa 2025 tulifikisha miaka 19. Mwezi wa pili mtu mmoja akaanzisha grupu ya WhatsApp ya darasa letu, ati tujipange mapema ili mwakani tukutane kwa miaka 20. Si mnajua vile hizi grupu huanza. Siku ya kwanza ni kelele na picha za zamani, vijana wembamba wenye tai zilizokunjamana. Siku ya pili mmoja anasema: jameni, kila mtu ajitambulishe. Uko wapi, unafanya nini, uko na watoto wangapi.

Hapo ndipo grupu hugawanyika. Kuna wale hujibu dakika hiyo hiyo. Mmoja ni injinia, yuko Kanada. Mmoja ni daktari. Mmoja analima viazi Nyandarua na ameweka picha ya lori. Halafu kuna wale wamesoma ujumbe, zile alama za buluu zinaonyesha wamesoma, lakini hawasemi kitu.

Mimi nilinyamaza siku tatu. Niliandika nikafuta. Niko na digrii ya biashara, na watu wa biashara tumefundishwa kwamba ukitaka kujua hali ya duka, weka mali upande huu, madeni upande ule, uone kinachobaki. Nikaanza kujipigia hesabu. Nyumba ni ya kukodi. Gari ni la kanisa. Mkopo wa HELB nimemaliza kuulipa juzi tu. Darasani nilikuwa namba tatu, na aliyekuwa namba thelathini ndiye mwenye lori. Mwishowe nikaandika: "Mchungaji msaidizi, mke mmoja, watoto wawili, Mungu ni mwema." Watu wakaweka Amina. Nikaona nimefunga hesabu vizuri.

Na kweli darasa letu limepitia mengi. Miezi michache baada ya mtihani, M-Pesa ilikuwa inaanza, Machi 2007. Desemba mwaka huo wengi wetu tulipiga kura mara ya kwanza, na kabla wino haujatoka kidoleni, nchi ikaanza kuwaka. Wavulana waliolala bweni moja miaka minne wakajikuta kila mmoja amekimbilia upande wa kwao, na kuna mmoja ambaye nyumba yao ilichomwa na hawakurudi tena. Mwaka wa 2010 tulipata katiba mpya. Wengine wakaoa, wengine wakaachana. Mwaka wa 2020 corona ikaja, watu wa hoteli na watu wa shule za kibinafsi wakakaa nyumbani bila mshahara. Wanne wa darasa letu tumeshawazika. Ukiangalia hivyo, mtu yeyote aliyefika 2025 akiwa anapumua ana sababu ya kusema asante.

Sasa, katikati ya hizo salamu, mtu akauliza: "Na yule jamaa aliiba sadaka ya CU alienda wapi?" Grupu nzima ikacheka. Mnajua ile picha ya uso unaocheka mpaka machozi yanatoka. Nilihesabu zaidi ya ishirini.

Na mimi nikaweka yangu.

Wapendwa, nataka muelewe nilichofanya kwa kidole hicho kimoja. Yule jamaa hakuiba sadaka. Niliiba mimi.

HESABU AMBAYO HAIKUANDIKWA

Nilikuwa mweka hazina wa Umoja wa Wakristo, CU. Hata jina langu la shule lilikuwa Hazina. Sadaka ya kila Jumapili niliiweka kwa mkebe, mkebe ndani ya sanduku langu, sanduku chini ya kitanda. Pesa zilikuwa za safari ya kwenda kuabudu na CU ya shule moja ya wasichana muhula wa pili. Viatu vyangu vilikuwa vimepasuka mbele, vidole vinaonekana. Nilifikiria wale wasichana. Julai, siku tuliporuhusiwa kutoka, nikatoa shilingi 600 kwa mkebe, nikanunua viatu vya mitumba. Nilijiambia nitarudisha nikitumiwa pesa kutoka nyumbani. Pesa ya nyumbani haikuja. Mwalimu mlezi akasema kesho tunahesabu.

Usiku huo ningeweza kusema. Badala yake asubuhi nilimwendea mwalimu mwenyewe nikamwambia sanduku langu limefunguliwa na pesa zimeibiwa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Sikunyamaza tu wakati mwingine anashukiwa. Mimi ndiye niliyepiga ripoti.

Masanduku ya bweni lote yakapekuliwa. Kitanda chetu kilikuwa cha ghorofa, mimi nililala chini, na kijana mmoja alilala juu. Sitamtaja jina. Kwao walikuwa maskini kuliko wengi wetu, na karo yake ilikuwa nyuma. Ndani ya sanduku lake, kwenye soksi, wakapata shilingi 550. Pesa iliyopotea ni 600. Mtu akasema, "Hiyo hamsini amekula mandazi." Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yote. Alipoulizwa ametoa wapi, alisema amechuma majani chai likizo, kwa shamba la jirani. Hakuna aliyemwamini. Usiku wavulana wakampiga. Asubuhi akatumwa nyumbani alete mzazi. Mzazi alikuja, akaingia ofisini, akatoka, wakaondoka wawili, yeye amebeba godoro, mamake amebeba sanduku. Hakurudi. KCSE hakufanya.

Mimi nilifanya. Nilipita. Na viatu nilivaa.

Mtu ataniuliza: Pasta, si uliokoka? Ndiyo, niliokoka kweli nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, 2009. Nililia, nikatubu. Lakini nilitubu kwa jumla, vile duka linavyoandika "matumizi mengine" na kuweka kila kitu humo ili mkaguzi asiulize. Nikasema, Bwana nisamehe dhambi zangu zote. Na ninaamini damu ya Yesu ilinisafisha. Ila kuna mtu mmoja Kenya hii ambaye bado alikuwa anaitwa mwizi, na toba yangu haikuwa imemfikia hata kwa simu.

NDUGU WA YUSUFU WALIKUWA NA MKUTANO WAO

Usiku ule wa grupu sikulala. Nilifungua kitabu cha Mwanzo, mahali ambapo nimehubiri mara nyingi. Sisi hupenda kuhubiri Yusufu. Shimo, gereza, ikulu. Tunasema Amina, tunaamini kila mmoja wetu ndiye Yusufu. Safari hii nikasoma nikiwa upande wa ndugu zake.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Yusufu alikuwa na miaka 17 hadithi inapoanza, Mwanzo 37. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na 30. Ongeza miaka 7 ya shibe, ongeza miaka 2 ya njaa, unapata 39. Kufikia siku anajitambulisha kwa ndugu zake ni kama miaka 22 imepita. Ndugu zake katika hiyo miaka wameishi. Wameoa, wamezaa, wamefuga mifugo. Kama wangekuwa na grupu, kila mmoja angekuwa na cha kuandika. Watu wazima wa heshima.

Lakini katika sura ya 42, wakibanwa kidogo tu Misri, wakiwekwa ndani siku tatu, kitu cha kwanza kinachotoka vinywani mwao ni nini? Hawasemi njaa. Hawasemi huyu mtawala ni mkali. Wanaambiana kwamba wana hatia kwa sababu ya ndugu yao, kwamba waliona uchungu wake alipowasihi na wakakataa kumsikia. Miaka zaidi ya ishirini! Hakuna aliyewauliza. Yusufu alikuwa ameuliza habari za upelelezi. Wao wakajibu swali ambalo lilikuwa likiwauliza usiku siku zote.

Angalieni mstari wa 23. Walifikiri yule mkubwa haelewi, kwa sababu alikuwa anatumia mkalimani. Kumbe anaelewa kila neno. Mstari wa 24 akageuka upande, akalia. Mliyemtupa shimoni yuko hapo karibu, anasikia, analia, na nyinyi hamjui.

Kisha sura ya 44. Hapa ndipo nilifunga Biblia nikatoka nje. Magunia yanapekuliwa, kuanzia mkubwa mpaka mdogo, na kikombe kinapatikana kwenye gunia la kijana asiye na hatia. Nikaona masanduku ya bweni letu. Ni jambo lile lile limerudi. Mdogo mpendwa wa baba ameshikwa, wakubwa wanaweza kwenda nyumbani salama wakamwacha. Wamewahi kufanya hivyo. Wanajua njia.

Na ni Yuda anayesogea mbele. Yule yule Yuda ambaye sura ya 37 ndiye aliyetoa wazo la kumuuza Yusufu. Sasa anasema nichukue mimi niwe mtumwa, kijana arudi kwa baba yake. Ndugu yangu, toba ya Biblia ni hiyo. Yuda hakusema tu anajuta. Alipofika tena mahali alipoangukia, alisimama upande mwingine.

Mungu alikuwa amenirudisha mahali pangu. Watu wanamcheka kijana yule yule, mimi niko hapo hapo, na swali ni lile lile. Mara ya pili nilianguka tena. Niliweka picha ya kucheka.

NILIPOMTAFUTA

Nilimwendea mchungaji wetu kiongozi kwanza. Nilimweleza yote. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema mambo mawili. La kwanza: "Usihubiri hii kabla hujaenda kwake." La pili: nitatoka kwa kamati ya kuhesabu sadaka kwa miezi sita. Wengine wenu mmeuliza kwa nini sionekani pale siku hizi. Ndiyo hiyo sababu. Aliniambia ananiamini, ila kanisa lina haki ya kuona kwamba jambo hili lina uzito. Nilikubali, na nilikasirika pia, wacha niseme ukweli. Niliona aibu kwa pesa ambazo sijawahi kugusa hapa. Baadaye nikakumbuka kuna mtu ameona aibu miaka 19 kwa pesa ambazo hakuwahi kugusa.

Namba yake niliipata kwa mtu wa grupu. Nilipiga, nikajitambulisha kwa jina la kanisa. Kimya. Halafu akasema, "Hazina?"

Anachomelea mageti Nakuru. Nilienda siku ya Jumanne na matatu, nimebeba bahasha. Mimi mtu wa hesabu nilikuwa nimeshapiga hesabu njia tatu. Mambo ya Walawi 6:5 inasema aliyechukua kwa udanganyifu arudishe na aongeze sehemu ya tano: hiyo ni 720. Zakayo katika Luka 19:8 aliahidi mara nne: hiyo ni 2,400. Nikaweka pia riba ya asilimia 10 kila mwaka kwa miaka 19, ikafika kama 3,670. Nikazidisha, nikafanya 10,000, nikajiona mkarimu.

Alivua miwani ya kuchomelea, akanipa kiti cha mbao, akaagiza chai. Nilimwambia ni mimi. Nilitaja kila kitu, viatu, mkebe, ripoti kwa mwalimu. Nilipomaliza akasema, "Najua. Nilikuona."

Nikamwuliza alinionaje.

"Nililala juu yako. Mtu wa juu huona kila kitu. Nilikuona ukitoa pesa, nikaona viatu."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wewe ndiye ulikuwa unaongoza maombi ya asubuhi. Mimi nilikuwa na deni la karo."

Wapendwa, kama Yusufu, alikuwa anaelewa lugha yetu siku zote.

Nikatoa bahasha. Akacheka kidogo, akauliza, "Umekuja na riba?" Halafu akaniuliza swali ambalo digrii yangu haina jibu: "Cheti cha kidato cha nne ni pesa ngapi?" Akaniambia mara mbili alienda kwenye usajili wa makurutu, na mara zote mbili hakufika hata pale wanapokimbia, kwa sababu meza ya kwanza ni ya vyeti. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha mahali ambapo mfupa uliwahi kuvunjika. Sasa ana fundi wawili chini yake, na mwaka huo wa 2025 binti yake alikuwa gredi ya tisa, lile darasa la kwanza la mtaala mpya. Hajakaa vibaya. Lakini bahasha aliirudisha mkononi mwangu. Hesabu zangu tatu zote zilikuwa za shilingi 600, na deni halikuwa la shilingi 600.

"Kama unataka kulipa," akasema, "kamwambie mama yangu."

KUCHELEWA

Huyo mama anaishi upande wa Kericho, kwenye majani chai. Tulienda pamoja Jumamosi, na njiani hatukuongea sana. Aliniambia jambo moja tu. Pesa ile ya kuchuma chai hakuwa amemwambia mamake, kwa sababu alitaka kununua kalkuleta bila kuombwa achangie unga nyumbani. Kwa hivyo siku ile ofisini mama naye hakujua pesa ilitoka wapi. Aliamini walimu. Tangu siku hiyo, kijana wake akiwa nyumbani, pesa yake huifunga kwenye pindo la leso na hulala nayo. Hajawahi kumtukana. Hufunga tu leso.

Mama alitukaribisha nje, chini ya mti. Ni mzee sasa, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa majani. Nilipiga magoti, sikujua nikae vipi. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyeiba ile pesa ya shule. Mtoto wako hakuiba. Pesa yake aliichuma hapa hapa."

Alinitazama. Akamtazama kijana wake. Akaniuliza, "Wewe ni pasta?"

"Ndiyo, Mama."

"Tangu lini?"

Nikamwambia.

Akasema, "Baba yake alikufa 2014. Alikufa akijua amezaa mwizi. Umechelewa, mwanangu."

Sikuwa na la kujibu, na hata leo sina. Yakobo aliishi akasikia kwamba Yusufu yu hai. Biblia haituambii wale ndugu walimwelezaje baba yao kuhusu ile kanzu waliyochovya kwenye damu ya mbuzi, lakini angalau aliyetakiwa kusikia alikuwepo. Huyu mzee wa Kericho hakungoja. Kuna deni ambalo mwenye kudai huondoka kabla hujafika, na hakuna ofisi ya kulipia.

Tulikaa. Baada ya muda mama akasema mgeni hawezi kuondoka bila chai, na sukari imekwisha. Akafungua lile fundo la leso. Nilifikiri atatoa noti moja. Alitoa zote, zikiwa zimekunjwa, akampa kijana wake akamwambia aende dukani. Hakuzihesabu. Na aliporudi na chenji, hakuzihesabu.

Kwenye steji ya matatu nilimwuliza yule ndugu yangu kama amenisamehe. Akasema, "Kwa mama, asante. Kwa mimi, bado. Nipe muda." Nikasema sawa. Hapo ndipo tulipo mpaka leo ninapoandika. Jumatatu iliyopita alinitumia picha ya geti alilomaliza. Sijui maana yake. Nilijibu kwamba ni geti zuri.

Usiku huo niliandika kwenye grupu, kwa sababu waliomcheka walikuwa huko. Nilisema ni mimi. Alama za buluu zikajaa, hakuna aliyejibu mpaka asubuhi. Mmoja akatoka kwenye grupu. Kisha mmoja akaandika, "Mimi ni mmoja wa wale walimpiga. Nitumie namba yake." Halafu mwingine. Halafu yule wa lori. Miaka 19 darasa letu lilikuwa limejitambulisha kwa kazi na watoto. Siku hiyo ndiyo nilihisi tumeanza kujuana.

KWAKO WEWE UNAYESOMA

Kwanza, nasema na wale wanaojilinganisha. Wengi wenu mko kwenye grupu kama yangu, na kila mara simu ikilia mnaona mmebaki nyuma. Usiache kuhesabu, Zaburi 90:12 inatuambia tumwombe Mungu atufundishe kuhesabu siku zetu. Lakini hesabu vizuri. Mtu mwenye lori anaweza kuwa na mtu shimoni, na mtu mwenye jembe anaweza kuwa hana. Usiulize tu umejenga nini tangu shule. Uliza: kuna nani aliyeanguka mahali nilipopita, na mimi nikaendelea kutembea? Inaweza kuwa msichana uliyempa mimba mwaka ule wa kungoja chuo ukabadilisha laini ya simu. Inaweza kuwa ndugu aliyeacha shule ili wewe usomeshwe na sasa humtembelei. Inaweza kuwa jirani uliyemgeuka 2008.

Pili, ukimkumbuka, nenda. Yesu katika Mathayo 5:23-24 anasema uiache sadaka mbele ya madhabahu kwanza, ukapatane na ndugu yako, ndipo urudi utoe. Nimesoma mstari huo nikiwa nimeshika kikapu cha sadaka hapa mbele yenu, na sikuusikia. Nenda, lakini usiende kudai msamaha kama mtu anayedai risiti. Nenda kusema ukweli na kulipa kinacholipika. Msamaha ni wake, atautoa siku yake. Na kama jambo lako ni zito, au kurudi kwako kunaweza kumtonesha kidonda aliyeumizwa, usikimbie peke yako. Njoo kwa wachungaji, tutatafuta njia pamoja. Kama kuna sheria ya kujibu, utajibu, na hatutakuacha.

Tatu, nasema na wale wa kitanda cha juu. Uliona kila kitu, na hakuna aliyekuamini. Sitakuambia usamehe leo ili mwenye kosa alale vizuri. Yusufu mwenyewe aliwajaribu ndugu zake, akalia chumbani, akachukua muda wake. Lakini sikiliza: Mungu hakuwa na mkalimani. Alikuwa anaelewa tangu siku ile.

Na angalieni mwisho wa kitabu, sura ya 50. Yakobo aliishi Misri miaka 17, kisha akafa, na ndugu wakaogopa upya kwamba sasa Yusufu atalipiza. Miaka 22 na 17 ni miaka 39 ya hofu, na ile 17 ya mwisho walikuwa wameshasamehewa. Walikula chakula cha Yusufu kila siku bila kuamini moyo wake. Yusufu aliposikia, alilia. Ninajua Yesu naye hulia hivyo juu ya watu kama mimi, waliosamehewa msalabani lakini wanaendelea kuishi kama watu wanaojificha. Sikuenda Nakuru ili Mungu anisamehe. Nilienda kwa sababu alikuwa ameshanisamehe, na mtu aliyesamehewa hana tena sababu ya kumwacha mwenzake abebe jina lake.

Wiki hii, kazi ni moja. Chukua karatasi, andika jina moja. Usimwonyeshe mtu. Ombea jina hilo siku saba, kisha tafuta namba.

Tuombe. Baba, unajua mahali kila mmoja wetu ameficha mkebe. Unajua nani alibeba godoro kwa ajili yetu. Tupe ujasiri wa Yuda, kusogea mbele na kusema "nichukue mimi". Waponye wale tuliowaacha shimoni. Wakumbuke wazazi waliokufa wakiamini uongo wetu, na siku ile uwaambie ukweli wewe mwenyewe. Na utufundishe kufika mapema, kabla chai haijapoa na mwenye nyumba hajaondoka. Kwa jina la Yesu. Amina.